"Pasha Kidogo": Vitenzi vya Mapishi ya Kiswahili na Usalama wa Chakula katika Maikrowevu

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana kuwa la jikoni tu, wala si la ukumbi wa mihadhara: namna ya kupika na kupasha chakula katika maikrowevu kikapata moto sawasawa bila kumdhuru mlaji. Hata hivyo, jiko ni mahali pa lugha. Anayepika huelekezwa, huhimizwa, hukatazwa na kukosolewa kwa maneno, na maneno hayo ameyarithi kutoka kwa wapishi waliotumia mafiga, kuni na makaa. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba msamiati wa mapishi wa Kiswahili ulikua mbele ya moto unaoonekana, moto unaotoka chini ya chungu. Mpishi anapouhamisha msamiati huo mzima mzima hadi kwenye maikrowevu, yapo mambo ambayo vitenzi hivyo viliyachukulia kuwa yanajulikana, na ambayo ndani ya sanduku hilo hayapo tena. Pengo hilo hulipiwa na tumbo la mlaji, na wakati mwingine na kinywa cha mtoto mchanga.

Katika miji ya Kenya maikrowevu si kioja tena. Ipo katika nyumba nyingi, katika vijiko vya maofisini, na katika baadhi ya mabweni ambako wanafunzi kadhaa hutumia moja kwa zamu. Vitufe vyake huandikwa kwa Kiingereza na kijitabu chake hupotea wiki ya kwanza. Kinachobaki ni maelekezo ya mdomo, mtu kwa mtu, na maelekezo hayo aghalabu hutolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kudai kwamba suala hili halimhusu.

Moto wa chini na vitenzi vyake

Kiswahili ni tajiri katika uwanja huu. Chungu huinjikwa au huteleckwa kwa maana moja, na huepuliwa kinapoiva kilichomo. Muhogo hutokoswa, samaki hubanikwa, nyama huchomwa, mkate huokwa, ugali husongwa. Kila kitenzi kati ya hivyo kina picha ya moto ndani yake: uko wapi, uko mbali kiasi gani na chakula, na unakifikia kwa kupitia maji, mafuta, hewa au bila kizuizi chochote. Anayesema "banika" hahitaji kuongeza kwamba samaki asiwekwe juu ya ndimi za moto. Kitenzi kimekwisha kulisema.

Mfano ulio bora zaidi ni kupalia. Mpishi wa pwani anayepika wali, maji yanapokaribia kukauka, huchukua makaa na kuyaweka juu ya kifuniko cha sufuria ili wali upate moto juu na chini. Hiyo ni elimu kamili ya kusawazisha joto, iliyofungwa ndani ya kitenzi kimoja. Wapishi hao walifahamu kwamba moto wa upande mmoja hauivishi chakula sawasawa, na wakabuni njia ya kuurekebisha. Ukoko unaobaki chini ya sufuria nao ni ushahidi wa aina yake: unamwonyesha kila mtu moto ulitoka upande gani. (Watoto wanaougombea ukoko huo bila shaka hawaufikirii kama ushahidi wa kisayansi.)

Fauka ya hayo, mpishi wa jiko la makaa huisoma sufuria. Husikiliza mtokoto, hutazama mvuke, hunusa, huonja. Dalili hizo humtosha kwa sababu chini ya mfumo huo zina uhusiano wa kutegemewa na hali ya chakula chote. Mchuzi unaotokota sufuria nzima huku ukikorogwa umepata moto kila mahali. Hapo ndipo tofauti inapoanza.

Kinachotendeka ndani ya sanduku

Asili ya maikrowevu ni rada ya Vita Vikuu vya Pili. Kifaa kinachoitwa magnetroni, ambacho kiliboreshwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940, kilikuwa kikitengenezwa kwa wingi nchini Marekani. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aligundua kwamba kipande cha peremende ya chokoleti mfukoni mwake kilikuwa kimeyeyuka alipokuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, ya mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu na uzito wa takriban kilo 340. Ile ndogo ya kuwekwa juu ya meza ya jikoni ilienea baada ya mwaka 1967.

Magnetroni hutoa mawimbi yanayotetema takriban mara bilioni 2.45 kila sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12. Molekuli za maji zina ncha mbili zenye chaji tofauti. Mawimbi yanapogeuka, nazo hujaribu kugeuka, zikisukumana na jirani zake, na msukosuko huo ndio joto. Sukari na mafuta navyo huathirika, lakini kwa chakula cha kawaida maji ndiyo mhusika mkuu. Sahani ya kioo au ya udongo hupata joto kutoka kwa chakula. Mambo yamepinduka: zamani chungu kilikipasha chakula, sasa chakula kinakipasha chungu.

Ipo imani iliyoenea kwamba maikrowevu hupika kuanzia ndani kwenda nje. Imani hiyo si sahihi, na ina hatari. Mawimbi huingia ndani ya chakula kwa kina cha sentimita mbili hadi nne hivi, yakipungua nguvu kadiri yanavyosonga mbele. Kitu kinene kuliko hapo, mathalani paja la kuku au bonge la ugali, hupata joto la kiini kwa njia ile ile ya kale: joto kutambaa polepole kutoka sehemu ya nje iliyokwisha kupata moto. Mtambao huo unahitaji muda, na muda ndio kitu ambacho mtumiaji wa maikrowevu hataki kuutoa.

Aidha, mawimbi yanayogonga kuta za chuma za sanduku hurudi na kukutana na mengine. Mahali yanapoungana joto huwa kali. Mahali yanapofutana chakula hubaki baridi. Msomaji anaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Aondoe sahani inayozunguka pamoja na kigurudumu chake, aweke mche mrefu wa chokoleti juu ya sahani tambarare isiyozunguka, kisha awashe kwa sekunde 20 hivi. Chokoleti itayeyuka kwa madoa, si yote kwa pamoja. Akipima umbali kati ya doa na doa atapata kama sentimita sita, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Sahani inayozunguka iliwekwa ili chakula kipite katika madoa hayo yote. Lakini kitovu cha sahani hiyo hakisafiri kokote. Anayeweka bakuli dogo katikati kabisa ameukataa msaada aliopewa. Afadhali aliweke pembeni, na vipande kadhaa avipange kwa duara huku katikati pakiachwa wazi.

Kuhusu jina, wasemaji wengi wa Kenya wanasema maikrowevu, na makala haya yanawafuata. Kuiita oveni au joko kunapotosha, kwa maana joko huipasha moto hewa iliyo pande zote za chakula.

Uchambuzi wa "pasha kidogo"

Zingatia usemi huu, ambao husikika katika nyumba nyingi: "Dada, mpashie mtoto maziwa kidogo." Au huu wa mabwenini: "Nipashie huo wali kidogo, ndugu yangu." Katika semi zote mbili, neno "kidogo" halielezi kiasi cha joto wala kiasi cha maziwa. Ni neno la adabu. Linapunguza uzito wa ombi, kama vile katika "nisaidie kidogo" au "ngoja kidogo", ambapo hakuna anayeomba msaada haba. Msikilizaji mbele ya jiko la makaa angelielewa hivyo na angeiacha sufuria hadi mtokoto uonekane, kwa kuwa kitenzi "pasha" kilikuja pamoja na dalili zake.

Mbele ya maikrowevu hakuna dalili bali kuna tarakimu. Msikilizaji analazimika kuligeuza neno la adabu liwe idadi ya sekunde, naye hubonyeza dakika moja. Bakuli hutoka likifuka mvuke ukingoni. Mvuke huo ni shahidi asiyeaminika, kwa sababu umetoka sehemu zilizochemka ilhali katikati pana uvuguvugu. Kijiko cha kwanza kinauchoma ulimi, cha tatu ni baridi. Mlaji hucheka na kuendelea kula. Anachokula sehemu ile ya tatu ni chakula kilichopata joto la kuwapendeza bakteria bila kuwaua.

Viwango vinavyopendekezwa vinajulikana. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kipikwe hadi kufikia nyuzi 70 za Selsiasi kila sehemu, na Idara ya Kilimo ya Marekani hutaka kiporo kifike nyuzi 74. Asiye na kipimajoto atazame chakula kikitokota au kufuka mvuke mwingi katikati baada ya kukorogwa, si ukingoni kabla ya kukorogwa. Jijini Nairobi, lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo mchuzi uliotokota kote umekipita kiwango hicho hata kwenye nyanda za juu.

Kitenzi "chemka" nacho huponza. Katika sufuria, maji yanayochemka hutoa mapovu. Katika kikombe laini ndani ya maikrowevu, maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia tuli, kwa kuwa hayana pa kuanzishia mapovu. Mtu huyatazama, huamua hayajachemka, huongeza dakika, kisha hutia majani ya chai au kahawa. Hapo maji hulipuka na kumwunguza uso na mikono. Kijiti cha mbao kikitangulizwa ndani ya kikombe kabla ya kuwasha, na kikombe kikiachwa kwa muda baada ya kuzima, ajali hiyo huzuilika.

Ama kuhusu maziwa ya mtoto, jibu ni kwamba chupa ya mtoto isiingizwe katika maikrowevu kabisa. Chupa yenyewe hubaki na joto la wastani mkononi, ilhali ndani mna mikondo ya maziwa inayoweza kuunguza ulimi na koo. Mtoto hana uwezo wa kusema ameungua, bali hulia, na mlezi hudhani ana njaa zaidi. Bakuli la maji ya moto ambamo chupa husimamishwa linatosha, na matone machache hujaribiwa kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Yaelekea hapa ndipo mahali pekee ambapo "pasha kidogo" ina maana yake halisi, na ndipo maikrowevu isipofaa.

Kiporo, na kile ambacho moto hauwezi kukifuta

Kiswahili kina maneno kadhaa ya chakula cha jana: kiporo, mwiku, bariyo. Wingi huo unaonyesha kwamba kula mabaki ya usiku wakati wa asubuhi ni desturi yenye heshima wala si dalili ya uvivu. Yapo pia maneno ya kuharibika kwake: chakula huchacha, huvunda, huoza. Maneno haya yote hutegemea pua na ulimi. Tatizo ni kwamba chakula kinaweza kuwa na sumu kabla hakijachacha.

Wali ndio mfano unaostahili kukaziwa macho. Mchele mbichi huweza kuwa na spora za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha, spora huamka, bakteria huongezeka na baadhi hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiwi na joto la kupikia. Mwanafunzi anayeuacha wali kwenye sufuria saa mbili usiku, akaupasha saa moja asubuhi hadi ukafuka moshi, amewaua bakteria na kuiacha sumu yao. Saa chache baadaye anatapika, na anamlaumu muuzaji wa mchele.

Kwa hiyo usalama wa kiporo huanza usiku, kabla ya maikrowevu kuhusishwa. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba kwa zaidi ya saa mbili. Wali mwingi utandazwe kwenye chombo kipana upoe upesi, kisha uingizwe kwenye jokofu. Umeme unapokatika, jokofu ambalo halikufunguliwa mlango huhifadhi ubaridi wake kwa muda wa saa nne hivi. Baada ya hapo, kiporo cha wali au cha nyama kisihesabiwe kuwa salama kwa sababu tu umeme umerejea na kimekuwa baridi tena. Wasio na jokofu, nao ni wengi mabwenini, wana njia moja tu nayo ni kupika kinachotosha mlo mmoja. Ushauri huo haupendezi wakati wa mwisho wa muhula ambapo pesa ni haba, lakini hakuna kitufe kinachoweza kuubadilisha.

Vyakula vya nyumbani mbele ya mawimbi

Vijitabu vingi vya maikrowevu hueleza habari za pai, viazi vya Kizungu na supu ya mkebe. Havina la kusema kuhusu ugali, wala githeri.

Ugali ni mgumu kuupasha kwa sababu ni mnene na mzito, na sehemu yake ya nje hupoteza maji mapema. Ukiingizwa ukiwa bonge zima, hutoka ukiwa na ganda gumu na kiini cha baridi. Ukatwe vipande vya unene usiozidi sentimita mbili, unyunyiziwe maji, upangwe kwa duara, ufunikwe. Wali nao hunyunyiziwa kijiko kimoja au viwili vya maji na kufunikwa ili mvuke uzunguke ndani. Kifuniko hufanya kazi inayokaribiana na ile ya makaa yaliyopaliwa: hurudisha joto juu ya chakula. Kiachwe upenyo kidogo, kwani chombo kilichofungwa kabisa hupasuka. Yai lenye ganda hupasuka pia, hata lile lililokwisha kuchemshwa, na mara nyingine hungoja hadi liumwe.

Githeri na maharagwe huhitaji maelezo marefu zaidi. Githeri iliyokwisha kuchemshwa hadi kuiva inaweza kupashwa bila wasiwasi, maadamu imetiwa mchuzi au maji kidogo na kufunikwa. Punje kavu hurukaruka na kuchafua sanduku zima. Lakini kuyapika maharagwe mekundu yakiwa mabichi ni jambo jingine. Yana sumu ya asili ambayo huvunjwa kwa kulowekwa saa tano au zaidi, kumwaga maji hayo, na kuchemshwa kwa mtokoto wa kweli kwa dakika zisizopungua kumi kabla ya kuendelea kupikwa hadi yalainike. Joto la chini ya mchemko haliivunji sumu hiyo. Linaweza hata kuizidisha makali. Sufuria na jiko la kawaida vinafaa zaidi kwa kazi hiyo, na hakuna aibu kukiri hivyo.

Nyama na kuku walioganda wana hila yao. Barafu hupokea mawimbi kwa uhaba sana, ilhali maji huyapokea kwa pupa. Sehemu ndogo inapoyeyuka tu, huanza kuvuta nishati kuliko barafu iliyo jirani yake, na tofauti huzidi kukua. Ndiyo maana paja la kuku linaweza kuanza kuiva nchani huku kifundo chake kikiwa jiwe. Kitufe cha kuyeyushia hupunguza nguvu. Katika maikrowevu nyingi hufanya hivyo kwa kuwasha na kuzima magnetroni kwa vipindi, ili joto lipate nafasi ya kutambaa. Nyama iliyoyeyushwa kwa njia hiyo ipikwe papo hapo, kwa sababu sehemu zake zimekwisha kupata vuguvugu. Kuku apimwe au akatwe karibu na mfupa, mahali penye unene, si kwenye ngozi inayong'aa.

Chapati ni jepesi: leso ya jikoni yenye unyevu, sekunde chache, basi. Ikizidi hapo, hugeuka ngozi ya kiatu.

Vyombo navyo viangaliwe. Sahani yenye ukingo wa rangi ya dhahabu, karatasi ya alumini na kijiko cha chuma huweza kutoa cheche. Makopo ya plastiki ya siagi na mafuta, ambayo katika nyumba nyingi hupewa maisha ya pili kuwa vyombo vya kiporo, hayakutengenezwa kwa ajili ya joto. Hulainika na kujikunja. Yanafaa kuhifadhia, lakini kabla ya kupasha chakula kihamishiwe kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Neno "mionzi" na hofu yake

Wapo wanaoikataa maikrowevu kwa hoja kwamba "ina mionzi". Lugha imechangia hofu hii, kwani neno hilo hilo hutumika kwa eksirei, kwa matibabu ya saratani na kwa mabaki ya mabomu ya atomiki. Mawimbi ya maikrowevu ni ya jamii ya mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja molekuli kama eksirei zinavyoweza, na hayabaki ndani ya chakula baada ya mashine kuzimwa, kama vile mwanga wa taa usivyobaki chumbani. Wavu wa chuma kwenye kioo cha mlango una vitundu vidogo mno kwa mawimbi ya sentimita 12 kupenya. Tahadhari ya kweli ni kutotumia maikrowevu ambayo mlango wake umepinda, umevunjika au haufungi barabara. Inasikitisha kwamba mtu anaweza kuiogopa mionzi isiyomdhuru huku akiula wali wa jana bila wasiwasi wowote.

Kuandika maelekezo upya

Kwamba suala hili ni la lugha, na si la mashine peke yake, lilidhihirika nchini Marekani mwaka 2007. Zaidi ya watu 400 katika majimbo 41 waliugua kutokana na bakteria wa salmonela waliokuwa katika pai zilizogandishwa, ambazo wengi walizipika kwa maikrowevu. Pai hizo zilionekana kana kwamba zimekwisha kuiva na zahitaji kupashwa tu, ilhali zilipaswa kupikwa hadi kiini. Muda uliotajwa kwenye boksi ulitegemea nguvu ya maikrowevu kwa wati, na wengi wa wagonjwa waliohojiwa hawakuijua nguvu ya mashine zao. Bidhaa ilirejeshwa kutoka madukani na maelezo yake yakaandikwa upya. Ikiwa wasomaji waliopewa maelezo kwa lugha yao wenyewe waliweza kupotoka kwa kiasi hicho, hali ya asiyepewa maelezo yoyote haihitaji kuelezwa.

Maelekezo ya Kiswahili yanayofaa yanapaswa kuyasema yale ambayo vitenzi vya moto viliyaacha kimya. Chukua sahani moja ya wali wenye mchuzi, kutoka kwenye jokofu, na maikrowevu ya wati 800. Maelekezo yake yangeweza kusomeka hivi: Tandaza wali kwenye bakuli la kioo, ukiufanya mwembamba katikati. Nyunyiza vijiko viwili vya maji. Funika, ukiacha upenyo. Weka bakuli pembeni mwa sahani inayozunguka. Washa kwa dakika moja na nusu, kisha toa, koroga ukileta wa katikati pembeni na wa pembeni katikati, funika tena na uwashe dakika nyingine moja. Zima, uache umefunikwa kwa dakika mbili. Chimba katikati kwa kijiko. Kama hapafuki mvuke, rudisha. Mwenye mashine ya wati 600 ataongeza muda kwa karibu thuluthi moja, na nguvu hiyo huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya mashine au ndani ya mlango.

Katika maelekezo hayo, hatua inayorukwa kuliko zote ni zile dakika mbili za mwisho, na huenda sababu mojawapo ni kwamba hazijapata jina. Wengine husema "acha ipoe". Usemi huo unapotosha, kwa maana kinachotokea ni kinyume: kingo zinapopoa kidogo, kiini kinaendelea kupata joto, na chakula kinaendelea kuiva. "Pumzisha" ni afadhali, ingawa mwenye njaa anaweza kufikiri kwamba pumziko si la lazima. Kitenzi "tuliza" kina faida ya kuwa na maana ya kusawazisha, kama maji yaliyotikiswa yanavyotulia yakawa sawa pande zote: tuliza kwa dakika mbili, kisha onja. Lakini watakaoamua ni wale wanaopanga foleni mbele ya maikrowevu ya bweni saa tatu usiku, sahani mkononi, kila mmoja akimhimiza aliye mbele yake afanye upesi.